Je, Utoto Waweza Kununuliwa?

Kuna watu wazima, wenye nyumba, kazi na watoto, ambao kila jioni husimama mbele ya kabati la kioo na kutazama wanasesere. Wanasesere hao ni sanamu ndogo za askari na mashujaa wa hadithi, waliovikwa nguo za kitambaa zilizoshonwa kwa cherehani, zenye mishono, pindo na vifungo. Watu wa namna hiyo ni wengi huko Marekani, nao wako Uingereza na katika nchi nyingine pia. Majirani wengine huwacheka, wakisema: Mtu mzima na mwanasesere, wapi na wapi? Lakini kucheka si kujibu. Jambo lo lote ambalo wanadamu hulitolea fedha, muda na machozi lastahili kupimwa kwa akili. Tena swali lililofichika ndani yake ni la watu wote, hata la yule asiyepata kuona mwanasesere wa namna hiyo maisha yake yote. Swali ni hili: mtu anapoyatamani ya kale, anatamani kitu gani? Na kitu hicho, je, ni cha kweli?

1. Habari yenyewe

Yafaa kuanza na habari, kwa maana asiyekijua kitu hawezi kukihukumu.

Mwaka wa 1959 kampuni ya Mattel ilimtoa mwanasesere Barbie, akauzwa sana pamoja na nguo zake za kubadilisha. Wenye kampuni ya Hasbro, huko Pawtucket katika jimbo la Rhode Island, wakaona faida hiyo, wakajiuliza kama wavulana nao wasingependa kuvisha na kuvua. Basi mwaka wa 1964 wakatoa askari, jina lake G.I. Joe. Urefu wake ulikuwa kama santimita 29. Shingo, mabega, viwiko na magoti yake yaligeuka, na sare zake zilikuwa za kitambaa. Lakini waliogopa kwamba akina baba hawatakubali kuwanunulia wana wao mwanasesere. Kwa hiyo walikataza neno hilo lisitumiwe, wakabuni jina jipya lenye maana ya sanamu ya kutenda. Kitu kilikuwa kile kile, jina ndilo lililogeuzwa. Hapo msomaji anaona kwamba tangu siku ya kwanza jambo hili lilikuwa na neno la ukweli na la kuuficha ukweli.

Askari huyo alikuwa na kovu shavuni. Kovu lilitiwa kwa makusudi, kwa sababu umbo la mwanadamu haliwezi kuwa mali ya kampuni moja, bali alama yaweza. Alikuwa pia na kasoro nyingine: ukucha wa kidole gumba cha mkono wa kulia uliwekwa upande usio wake. Hilo lilikuwa kosa la mchongaji, nalo likaachwa vivyo hivyo, likawa alama ya pili ya kuwatambua waigaji.

Mwaka wa 1972 kampuni ya Mego ya New York ilianza kutoa mashujaa wa hadithi za picha: Superman, Batman, Robin na Aquaman, na baada yao wengine wengi. Hao walikuwa wadogo zaidi, kama santimita 20. Ujanja wa Mego ulikuwa katika kubana gharama: mwili mmoja ulitumika kwa watu wengi, kichwa na nguo tu ndivyo vilivyobadilishwa. Shujaa na adui wake walikuwa na kifua kile kile na miguu ile ile. Kilichowatenga ni mavazi. Mwaka wa 1974 wakatoka watu wa Star Trek, mchezo wa televisheni uliokuwa umeonyeshwa tangu mwaka wa 1966 hata 1969.

Kisha mambo yakageuka. Plastiki hutokana na petroli, na bei ya petroli ilipanda sana tangu mwaka wa 1973; kilicho kikubwa kikawa ghali kukitengeneza. Mwaka wa 1976 Mego ilikataa kununua haki ya kutengeneza watu wa sinema ya Star Wars. Kampuni ya Kenner ikaichukua, na mwaka wa 1978 ikaleta madukani sanamu za santimita 9 na nusu, ambazo nguo zake karibu zote zilikuwa zimechongwa katika plastiki pamoja na mwili. Watoto wakazikimbilia. Mego ikafilisika mwaka wa 1982, ikafunga milango mwaka uliofuata, na G.I. Joe mwenyewe, aliporudi madukani mwaka huo wa 1982, alikuwa mdogo namna hiyo hiyo, hana nguo ya kuvua. 

Lakini watoto wa miaka ile walikua, wakapata mishahara. Wakaanza kuwatafuta wanasesere wao katika masoko ya vitu vikuukuu na katika minada. Wafanyabiashara wakaona. Mwaka wa 2010 kampuni ya Mattel ilitoa mashujaa wapya wa umbo la zamani, wenye nguo za kitambaa. Na mwaka wa 2018 jina la Mego likafufuliwa na Marty Abrams, yeye aliyeiongoza kampuni hiyo katika siku zake kuu. Hivyo leo hii kuna viwanda vinavyotengeneza vitu vipya ambavyo sifa yao ni kuonekana vya kale.

2. Uhalisi ni wa namna mbili

Wakusanyaji hugombana sana juu ya neno moja, nalo ni uhalisi. Mmoja asema: Sanamu yangu ni ya kweli, kwa maana uso wake ni uso wa mchezaji wa sinema, usiokosa hata kunyanzi moja. Mwenzake ajibu: Yangu ndiyo ya kweli, kwa maana shati lake ni shati. Wote wawili wana haki, ila hawasemi habari ya kitu kimoja. Kuna uhalisi wa sura, yaani kufanana kwa macho. Na kuna uhalisi wa kitu chenyewe, yaani kuwa vile kinavyodai kuwa.

Jambo hili huonekana wazi katika kitambaa. Mwanasesere wa santimita 20 akiwa mfano wa mtu wa santimita 180, maana yake amepunguzwa mara tisa. Plastiki hukubali kupunguzwa, lakini uzi hukataa. Kitambaa chenye unene wa nusu milimita, juu ya mwili mdogo namna hiyo, ni sawa na vazi la milimita nne na nusu juu ya mwili wa mtu: ni kama kumvika mtu zulia. Kwa hiyo mishono huvimba, kola hukaa kama ubao, na joho, badala ya kuanguka kwa uzito wake, hutanuka pembeni kama jani kavu. Batman wa Mego alivaa glavu zisizo na vidole, zinazofanana na zile za kuepulia chungu cha moto. Kwa uhalisi wa sura, mchongaji wa plastiki amekwisha kushinda. Siku hizi zipo sanamu kutoka Hong Kong ambazo hata vitundu vya ngozi usoni vimepakwa rangi.

Walakini vazi lililochongwa katika plastiki halivuliki. Lafanana na nguo, wala haliwezi kufanya kazi hata moja ya nguo. Shati la kitambaa, hata likiwa limeshonwa vibaya, huvuliwa, hufuliwa, huanikwa, huraruka, na kushonwa tena na mama kando ya taa. Msomaji amewaona wasichana wadogo wakifunga kitambaa juu ya gunzi la mahindi na kuliita mtoto. Hakuna gunzi linalofanana na mtoto mchanga. Lakini mbeleko ile ni mbeleko kweli, na fundo lile ni fundo kweli, na mikono inayolifunga yajifunza kazi ambayo baadaye itaifanya kwa mtoto wa damu na nyama. Hapo uhalisi hauko usoni pa kitu, uko katika tendo.

Mfano mwingine. Katika Star Trek, mwaka wa 1967, alionyeshwa kiumbe wa kijani kama kenge mkubwa, jina lake Gorn. Mego ilipotaka kumtengeneza, haikuchonga kichwa kipya. Ilichukua kichwa cha Lizard, adui wa Spider-Man, ikakipaka rangi ya kahawia, ikamvika Gorn mavazi ya Klingon, ambaye ni wa taifa jingine kabisa katika hadithi hiyo. Rangi si yake, kichwa si chake, nguo si zake. Mwenye kupima kwa sura tu atasema huo ni uongo mtupu. Hata hivyo Gorn huyo ni mmoja wa wale wanaotafutwa sana leo, kwa maana watoto wa siku zile walimpokea, wakampa sauti na tabia, na kazi iliyoachwa na kiwanda wakaimaliza wao.

Tena, katika watu wa Star Trek wa mwaka wa 1974 alikuwamo mwanamke Mweusi, afisa wa mawasiliano wa merikebu ya angani, jina lake Uhura. Wasemao Kiswahili hulitambua jina hilo mara moja, nao hawakosei: limetokana na neno uhuru. Nichelle Nichols, mchezaji aliyeivaa nafasi hiyo, alisimulia kwamba siku alipokwenda kujaribiwa alikuwa na kitabu chenye neno hilo kwa jina lake. Mwanasesere wake alikuwa na gauni jekundu la kitambaa kinene na mishono mikubwa kama ya wenzake. Lakini msichana Mweusi wa siku zile, akisimama mbele ya rafu ya duka, hakuwa na haja ya kupima mishono. Alikuwa na haja ya kuona kama aliye mfano wake yupo pale au hayupo. Basi kuna uhalisi ambao rula haiwezi kuupima.

3. Hamu ya kale ni nini?

Mwaka wa 1688 mwanafunzi wa utabibu jina lake Johannes Hofer, katika mji wa Basel huko Uswisi, aliandika juu ya ugonjwa wa watu waliokaa mbali na kwao: hawali, hawalali, huwaza nyumbani tu. Akauundia jina kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya kurudi kwao, la pili maumivu. Dawa yake kubwa ilikuwa nyepesi kuielewa: mgonjwa arudishwe nyumbani.

Tangu siku zile jina hilo limehama. Zamani lilikuwa hamu ya mahali, sasa limekuwa hamu ya wakati. Na hapo dawa ya Hofer yapotea, kwa sababu mahali hurudiwa, wakati haurudiwi. Maji yakimwagika hayazoleki. Aliye mbali na kijiji chake aweza kupanda gari. Aliye mbali na mwaka wake wa nane hana gari la kupanda. Ndiyo maana hushika kitu. Hudhani kwamba kitu kilichokuwako siku ile kitamvuta arudi.

Je, hamu hiyo ni mbaya? Hapana. Mtu asiyetamani cho chote cha utoto wake, ama utoto wake ulikuwa mchungu mno, ama amesahau wema aliotendewa. Hamu ya kale yaweza kuwa namna ya shukrani. Lakini ina hatari yake, nayo ni kwamba huchagua. Hukumbuka asubuhi ya sikukuu, ikasahau jioni yake, mguu wa mwanasesere ulipokatika na ndugu wawili wakapigana. Hukumbuka zawadi, ikasahau baba aliyefanya kazi ya ziada ili ainunue. Kumbukumbu inayochagua namna hiyo imekwisha kuacha kukumbuka, na sasa yachora picha ya kujipendeza.

Ushahidi wa hatari hiyo uko katika bei. Kwa wakusanyaji wengi, mwanasesere wa thamani kuu ni yule ambaye kisanduku chake hakijafunguliwa kamwe. Na tulitazame jambo hili vizuri. Mtoto wa mwaka wa 1974 alikipasua kisanduku chake kabla ya chai ya asubuhi. Siku ya tatu kofia ilikuwa imepotea, na mwezi wa tatu shati lilikuwa na doa. Hakuna mtoto aliyekuwa na mwanasesere asiyeguswa. Basi mtu mzima anayelipa mshahara wake ili apate kisanduku kisichofunguliwa, hakika hanunui utoto wake. Ananunua kile kitu kimoja ambacho utoto wake haukuwa nacho kamwe. Mwaka wa 2003 sanamu ya kwanza ya majaribio ya G.I. Joe iliuzwa mnadani kwa dola 200,000. Nayo ilichongwa ili ionyeshwe kwa wafanyabiashara, haikutengenezwa kwa ajili ya mtoto ye yote.

Mtu atasema: Lakini mwenye kuhifadhi kisanduku ahifadhi historia. Neno hilo ni la haki. Huko Rochester, katika jimbo la New York, kuna nyumba ya makumbusho yenye orodha ya heshima ya vitu vya kuchezea, na G.I. Joe aliingizwa humo mwaka wa 2004. Ni vema vizazi vijavyo vione kitu kilivyotoka kiwandani. Mhifadhi wa namna hiyo hatendi kosa, maadamu aseme wazi kwamba anahifadhi historia. Kosa huanza anaposema moyoni mwake: Huu ni utoto wangu, sasa nimeupata.

Mshairi Mfaransa Charles Baudelaire, katika insha aliyoitoa mwaka wa 1853 juu ya maadili ya vitu vya kuchezea, alisimulia habari ya mtoto wa tajiri aliyekiacha chini kichezeo chake cha fahari, akakodoa macho nje ya kitalu, kwa maana mtoto wa maskini alikuwa akimwonyesha panya hai ndani ya kisanduku. Tena alitambua kwamba watoto huvunja vitu vyao kwa sababu wataka kuiona roho iliyo ndani. Mkusanyaji wa kisanduku kilichofungwa amefanya kinyume. Ameogopa kufungua, asije akakuta kwamba roho aliyokuwa akiitafuta haimo.

4. Mfano wa ndugu wawili

Na tuseme kwamba palikuwa na ndugu wawili katika mji mmoja wa Marekani, wakapewa mwanasesere mmoja washirikiane, Kapteni Kirk mwenye shati la manjano. Wakamchezea miaka miwili. Mpira uliounganisha viungo ukalegea. Mkubwa akaufunga mguu kwa uzi wa kuvulia samaki. Shati likararuka kwapani. Mama yao, asiyekuwa na uzi wa manjano, akalishona kwa uzi mweusi. Kisha wakakua, mwanasesere akasahauliwa. Yule mkubwa akafa akiwa na miaka thelathini.

Mdogo akaishi. Alipokaribia miaka sitini akaanza kumtafuta Kapteni Kirk, akampata katika mnada, mpya, ndani ya kifungashio chake, hajaguswa. Bei ilikuwa kubwa hata akaona aibu kumwambia mkewe. Akasema alimpata kwa fedha kidogo. Akamweka nyuma ya kioo. Siku ya kwanza alifurahi. Siku ya kumi alimtazama, akaona fahari, lakini hakuona kitu kingine. Mjukuu wake wa miaka mitano akaomba kumshika. Babu akakataa. Mtoto akauliza: Babu, sasa nani humchezea? Babu hakuwa na jibu.

Baadaye dada yake, akiondoa vitu katika nyumba ya mama yao aliyefariki, akakuta ndani ya kopo la biskuti yule wa zamani: mguu umefungwa kwa uzi, shati lina mshono mweusi, pua imekwaruzika. Akamtuma kwa posta. Mzee yule alipofungua, aliketi chini akalia. Mbele ya mnadi kitu kile hakina thamani. Lakini fundo lile lilikuwa la mikono ya ndugu yake, na mshono ule ulikuwa wa mikono ya mama yake, na mikono hiyo yote imekwisha kuwa mavumbi.

Katika mfano huu wanasesere ni wawili, nao wametoka kiwanda kimoja, mwaka mmoja. Ni yupi aliye halisi? Kwa wasio na habari, ni yule mzima. Kwa mzee yule, yule mzima ni ndoto aliyoinunua, na yule aliyevunjika ni shahidi. Shahidi huyo pia ndiye anayemwambia ukweli ambao ndoto ilimficha: kwamba ndugu yake amekufa, kwamba hatarudi, na kwamba siku zile zilikuwa njema pamoja na umaskini wake. Machozi yake ya siku ile yalikuwa ya kweli kuliko fahari ya siku ya kwanza.

5. Kutengeneza na kuuza

Kutoka hapo lazuka swali jingine, la kazi za mikono. Vitu hivi huzeeka. Kamba ya mpira hukauka na kukatika. Vifungo vya chuma hushika kutu na kutia doa kitambaa. Plastiki laini hutoka jasho la mafuta ikawa ya kunata. Basi wako mafundi wanaotengeneza viatu vipya, mikanda mipya, nguo mpya, hata miili mipya, kwa ajili ya wanasesere wa kale. Mtu akibadilisha mpira, kisha mguu, kisha nguo, kisha kichwa, je, huyo ni yule wa kwanza?

Swali hili ni la zamani. Mwandishi Plutarko alieleza kwamba watu wa Athene waliihifadhi merikebu ya Theseus kwa kuondoa mbao zilizooza na kutia mpya, hata wenye hekima wakabishana: wengine wakisema ni merikebu ile ile, wengine wakisema siyo. Hapa haina haja kuwapatanisha. Latosha kuuliza kitu kile kinatunzwa kwa ajili gani. Merikebu iliyotunzwa ili isafiri, yafaa kupewa ubao mzima. Iliyotunzwa ili itoe ushuhuda, ubao mpya haujui neno la kushuhudia. Kwa hiyo mzee wa mfano wetu angeweza kutia mpira mpya ili mwanasesere asimame, wala asimkosee mtu. Lakini kama angefumua mshono mweusi na kushona kwa uzi wa manjano ili shati lifanane na jipya, angekuwa amemfuta mama yake kwa ajili ya kufanana.

Katika kuuza, sheria ni nyepesi: kila kiungo kipya kitajwe. Mwaka wa 1978 Kenner ilimtoa kiumbe mdogo wa Star Wars aitwaye Jawa akiwa na joho la plastiki nyembamba. Kitu kilikuwa kidogo mno, kikaonekana duni. Upesi joho hilo likabadilishwa kwa la kitambaa, ili mnunuzi aone amepata thamani ya fedha yake. Leo wale wachache wa joho la plastiki ni wa bei kubwa, na kwa ajili hiyo wako wadanganyifu waliokata joho la Ben Kenobi, wakamvika Jawa, wakamwuza kwa wasiojua. Jambo hili si mchezo kwa sababu kitu chenyewe ni cha mchezo. Aliyedanganywa hakuibiwa plastiki. Ameibiwa kazi ya mikono yake, na zaidi ya hayo ameibiwa imani aliyokuwa nayo katika kumbukumbu yake. Tena anayemficha mkewe bei, kama yule mzee, yu jirani wa mdanganyifu huyo, ingawa hakuuza kitu.

6. Basi

Yaliyosemwa yakusanywe. Kwanza, hamu ya kale si ujinga wala si kosa, lakini ni shahidi mwenye upendeleo; yataka kuulizwa maswali. Mwenye kukumbuka zawadi akumbuke na ugomvi, na jasho la aliyeitoa, na majina ya waliokuwapo. Pili, uhalisi wa sura ni jambo zuri kwa macho, lakini usitukuzwe kupita uhalisi wa tendo. Nguo yenye mshono mnene iliyovishwa na kuvuliwa mara mia na mtoto ina ukweli ambao sanamu ya vitundu vya ngozi haijaupata. Tatu, fedha itolewayo kwa ajili ya ya kale itolewe kwa kiasi na mbele ya macho ya wenye nyumba, kwa maana furaha inayohitaji uongo imekwisha kuharibika kabla haijafika.

Je, utoto waweza kununuliwa? Hauwezi. Vinavyonunuliwa ni vitu vilivyokuwa jirani zake. Jirani mwema aweza kueleza mengi habari za aliyehama, na yafaa kumkaribisha nyumbani na kumsikiliza. Ila asidhaniwe kuwa ndiye mwenyewe.

Na yule mzee wa mfano bado ana wanasesere wawili. Wa ndugu yake na amtunze, na mguu wake uliofungwa kwa uzi wa kuvulia samaki. Yule mpya aweza kumwuza kwa bei ya haki, na kumweleza mkewe habari yote. Au aweza kufanya jambo ambalo wakusanyaji wengi wataliona kama wazimu: kuchukua mkasi, kupasua kifungashio kile cha mwaka wa 1974, na kumpa mjukuu wake Kapteni Kirk avuliwe shati na kuvikwa tena. Thamani yake mnadani itaanguka saa ile ile. Lakini lile swali la mtoto litakuwa limepata jibu, na baada ya miezi michache, huenda shati la manjano litahitaji mtu wa kulishona, kwa uzi wo wote utakaopatikana nyumbani.